Kujitolea katika Uchimbaji wa Mambo ya Kale: Nani Hushika Mwiko?

Katika lugha yetu neno kujitolea halisimami peke yake. Kujitoa ni tendo lililokamilika: mtu hujitoa katika chama, katika ubia au katika ugomvi usiompendeza, akaenda zake. Lakini kujitolea, kwa ile kauli ya kutendea iliyomo ndani yake, hudai jambo zaidi. Mtu hujitolea kwa ajili ya kitu, au kwa ajili ya watu. Neno hili liliposhika nguvu nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hapakuwa na haja ya kuuliza wanakijiji waliochimba mtaro wa maji au kufyatua matofali ya shule walikuwa wakijitolea kwa ajili ya nani. Maji yalikuwa yao, na shule ilikuwa ya watoto wao. Jibu lilikuwa limekwisha kuonekana machoni kabla ya swali kuulizwa.

Katika makala hii nakusudia kulipeleka swali hilo mahali ambapo halijazoeleka kuulizwa, yaani katika uchimbaji wa mambo ya kale. Kwa miaka mingi sasa wanafunzi na watu wazima wa nchi mbalimbali wamekuwa wakisafiri mbali na kwao ili wapige magoti juani wakwangue udongo bila malipo. Wengine hata hulipa ili wapewe nafasi hiyo. Shirika la Earthwatch, lililoanzishwa Marekani mwaka 1971, limejengwa juu ya utaratibu huo, ambamo mtu wa hiari hutoa nguvu zake pamoja na fedha zake ili utafiti upate kugharimiwa. Hili si jambo la kudharauliwa. Mtu anayetumia likizo yake ya mwaka kutafuta kigae cha chungu cha watu asiowajua ana hamu ya elimu ambayo wengi wetu hatunayo.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuitazama kazi kama inavyotendeka, wala si kama inavyosifiwa. Hoja yangu ni kwamba kasoro haiko katika kujitolea kwenyewe, wala katika ugeni wa wanaojitolea. Kasoro iko katika mgawanyo wa kazi pale shimoni. Aghalabu yule anayetoka mbali, asiyelipwa, hupewa mwiko na mafunzo. Na mwenyeji anayelipwa ujira wa kutwa hupewa jembe na karai. Mmoja hufundishwa kusoma, na mwingine hubebeshwa kurasa zilizokwisha kusomwa. Madhara ya mgawanyo huu hayaishii kwa mwenyeji. Yanaingia katika historia yenyewe inayoandikwa.

Kazi yenyewe

Kwa manufaa ya msomaji ambaye hajapata kuiona kazi hii, yafaa nieleze kwa ufupi jinsi inavyokwenda. Eneo hupimwa likagawanywa katika miraba kwa vigingi na uzi. Udongo wa juu, uliovurugwa na mizizi na majembe ya wakulima, huondolewa kwa sepetu. Kisha hushikwa mwiko, ule ule wa mwashi ila mdogo, na udongo hukwanguliwa kidogo kidogo mpaka rangi yake au ugumu wake ubadilike. Pale unapobadilika ndipo tabaka moja linapokwisha na jingine kuanza. Udongo uliokwanguliwa huchukuliwa kwa karai hadi kwenye chekeche, na huko hubaki vigae, mifupa ya samaki, shanga, misumari iliyoliwa na kutu, na mara chache sarafu. Kila kitu hutiwa katika mfuko wenye namba ya mraba wake na ya tabaka lake.

Namba hiyo ndiyo roho ya kazi. Tabaka la chini ni la kale kuliko lile lililo juu yake, isipokuwa pale ambapo watu wa baadaye walichimba kaburi, msingi au shimo la taka wakayachanganya. Shanga iliyookotwa njiani ni pambo tu. Shanga ile ile ikijulikana ilitoka tabaka gani, karibu na nini, na chini ya sakafu ipi, ni shahidi. Anayeing'oa bila kuandika mahali pake amemuua shahidi kabla hajasema.

Kuna jambo moja linaloitenga kazi hii na kazi nyingi za usomi. Mtu akiisoma hati ya kale vibaya, hati inabaki kabatini, na mwingine atakuja kumsahihisha. Lakini tabaka likishakwanguliwa halipo tena. Kinachosalia ni michoro, picha, mifuko ya vigae, na maneno ya yule aliyekuwa amechuchumaa pale. Kila shimo ni kitabu kinachosomwa mara moja tu, na msomaji wake hukichana kadiri anavyosoma. Kwa hiyo swali la nani anashika mwiko si swali la heshima wala la ujira peke yake. Ni swali la nani atakuwa shahidi wa kitu ambacho hakuna mwingine atakayekiona.

Kuta za mawe na vyombo vya jikoni

Tuanze na magofu yanayojulikana zaidi katika pwani yetu. Gede, karibu na Malindi, ilichimbwa na James Kirkman tangu mwaka 1948. Kilwa Kisiwani ilichimbwa na Neville Chittick tangu mwaka 1958, alipokuwa mkuu wa Idara ya Mambo ya Kale ya Tanganyika, iliyoundwa mwaka 1957. Aliendelea na kazi hiyo katika miaka ya 1960 akiwa mkurugenzi wa taasisi ya Waingereza ya utafiti wa Afrika Mashariki. Kazi ya watu hawa wawili ndiyo iliyotuonyesha Husuni Kubwa kwa ukamilifu wake, ikaupa Msikiti Mkuu wa Kilwa mfuatano wa vipindi vya ujenzi wake, na ikaziweka sarafu za masultani wa Kilwa mahali pake katika historia. Asiyewashukuru kwa hayo si mkweli.

Lakini ilikuwa kazi iliyoanzia kwenye ukuta wa mawe. Jicho lililozoezwa kuanzia ukutani huanzia kwa mwenye mali, kwa kuwa si kila mtu alijenga kwa mawe. Tena hulitazama bakuli la rangi lililotoka Uchina au Uajemi kabla ya kukitazama chungu cheusi cha hapa hapa. Ni kweli kwamba bakuli lile husaidia kuhesabu miaka, kwa maana nchi lilikotengenezwa inajua lilitengenezwa lini. Lakini kipimo cha miaka kikaja kugeuka kuwa kipimo cha asili. Katika kitabu chake cha mwaka 1964, Kirkman alifikia kusema kwamba makumbusho ya kale ya pwani ni mali ya Waarabu na Waajemi waliochanganya damu, na kwamba utamaduni wake ulikuwa mbali kabisa na Waafrika waliouzunguka.

Chittick alikuwa mwangalifu zaidi. Katika kitabu chake cha juzuu mbili juu ya Kilwa, kilichotolewa mwaka 1974, alionyesha kwamba chini ya mji wa mawe kulikuwa na makao ya kale zaidi yenye nyumba za miti na udongo. Alionyesha pia kwamba ukoo wa watawala unaotajwa katika Tarehe ya Kilwa ulishika mji baadaye sana kuliko wenyewe unavyodai, kwenye mwisho wa karne ya 12. Lakini tazama majina aliyovipa vitu. Vyungu vya wenyeji katika matabaka yale ya chini aliviita vyombo vya jikoni vya kale. Chombo cha mgeni kilipewa nchi na karne. Chombo cha mwenyeji kilipewa jiko. Jina kama hilo si kosa la hesabu, ila humfundisha msomaji mahali pa kutazama na mahali pa kupita haraka.

Baadaye jamii hiyo hiyo ya vyungu ikapewa majina mengine. Mark Horton aliinasibisha na mto Tana. Felix Chami, katika utafiti wake wa mwaka 1994 juu ya pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza, aliitaja kwa nakshi zake za pembetatu. Ikaonekana kwamba vyungu hivyo vilienea kutoka visiwa vya Lamu hadi Komoro, na kwamba vilitengenezwa pia bara, mbali na bahari. Vyungu vilivyokuwa vimeachwa jikoni vikawa ushahidi mkuu kwamba miji ya pwani ilikuwa na jamaa zake nyuma yake, barani, na haikuwa vibanda vya wageni vilivyotupwa ufukweni.

Shanga na doa la nguzo

Ukitaka kuona faida ya kweli ya watu wa hiari, mfano wa karibu ni Shanga, mji uliohamwa katika kisiwa cha Pate, si mbali na Siyu, nchini Kenya. Uchimbaji wa Horton hapo ulianza mwaka 1980 kwa msaada wa vijana wa Operation Drake, msafara wa kuizunguka dunia uliofanyika kati ya mwaka 1978 na 1980 ukiwachukua vijana wa nchi nyingi kufanya kazi za utafiti na za jamii. Kazi ya Shanga iliendelea hadi mwaka 1988, na kitabu chake kilitolewa mwaka 1996.

Chini ya msikiti wa Ijumaa wa Shanga, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, ilikutwa misikiti mingine, mmoja chini ya mwenzake. Iliyo ya chini kabisa haikuwa ya mawe. Ilikuwa majengo madogo ya miti, na ya kwanza ilikadiriwa kuwa ya karne ya 8. Sasa jengo la miti halibaki. Nguzo ikioza ardhini huacha doa tu, duara la udongo mweusi na laini kidogo kuliko ule unaolizunguka. Mtu wa sululu hulipita asijue amepita nini. Ni yule anayekwangua kwa mwiko, akamwagia maji udongo uliokauka ili rangi zitokeze, akasimama akatazama kwa pembe, ndiye anayeona doa moja, kisha la pili, kisha mstari wa madoa, na hatimaye ukuta.

Kutokana na madoa ya namna hiyo picha ya zamani iligeuka. Shanga haikuanza kama kituo cha wageni waliokuja na mawe yao na dini yao. Ilianza kama makao ya wenyeji, yenye nyumba za miti na udongo, ambamo baadhi ya watu waliupokea Uislamu mapema, wakajenga msikiti kwa vifaa vile vile walivyojengea nyumba zao, na kizazi baada ya kizazi wakaupanua mpaka wakafikia matumbawe. Uislamu wa pwani haukushuka kutoka chomboni ukiwa umekamilika. Ulikua mahali pake.

Kazi kama hii haitaki nguvu za mabega, inataka muda. Na hapa kujitolea kuna sifa yake ya haki. Mtu wa hiari hahesabiwi kwa makarai. Anaweza kukaa kutwa nzima juu ya mraba mmoja bila hofu kwamba jioni msimamizi atamkata ujira. Kibarua hana nafasi hiyo, si kwa kuwa hana akili ya kuona doa, bali kwa kuwa amewekwa pale aondoe udongo, naye husifiwa kwa udongo alioondoa. Tukimweka mtu katika kazi ya haraka, tusimlaumu kwa kutoona mambo yanayoonekana polepole.

Mshahara haupofushi macho

Wako watakaosema kwamba tofauti inatokana na elimu: mgeni amesoma, mwenyeji hakusoma, basi kila mmoja apewe kazi inayomfaa. Hoja hii inakanushwa na maisha ya Kamoya Kimeu. Kamoya alikuwa Mkamba wa Kenya, asiye na masomo ya juu, aliyeajiriwa kibarua mwaka 1960 katika uchimbaji wa Louis na Mary Leakey kwenye bonde la Olduvai, mwaka mmoja tu baada ya Mary Leakey kulipata fuvu maarufu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959. Mwenyewe alieleza kwamba mwanzoni aliiogopa kazi ile, kwa kuwa kufukua mifupa ya wafu ni jambo linalokatazwa na mila.

Lakini Kamoya alifundishwa. Hakuachiwa karai peke yake. Alionyeshwa jinsi ya kuutofautisha mfupa na jiwe, na jino la mtu na jino la nyani. Mwaka 1964, huko Peninj karibu na Ziwa Natron, aliliona taya la kiumbe wa jamii ile ile ya Zinjanthropus. Mwaka 1984, huko Nariokotome upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, alikiona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto zenye rangi ile ile, na kutokana nacho ukafukuliwa karibu mifupa yote ya mvulana aliyeishi miaka ipatayo milioni moja na nusu iliyopita. Mwaka 1985 alipewa nishani ya chama cha National Geographic, akaipokea mkononi mwa Rais Reagan wa Marekani. Majina ya kisayansi ya viumbe wawili wa kale yametungwa kutokana na jina lake. Alifariki mwaka 2022.

Kamoya hakujitolea, alilipwa mshahara. Na mshahara haukumpofusha macho. Kwa hiyo mpaka unaotuhusu haupiti kati ya anayelipwa na asiyelipwa. Unapita kati ya aliyefundishwa na asiyefundishwa. Hali kadhalika, fuvu la Ndutu lilipatikana mwaka 1973 katika uchimbaji wa Amini Mturi, mtaalamu Mtanzania, mtumishi wa Idara ya Mambo ya Kale. Kila mahali mwenyeji alipopewa mwiko na maarifa yake, ardhi haikumficha kitu kwa sababu ya utaifa wake.

Kigae kilichokuwa kimetupwa

Naomba msomaji aniruhusu nieleze jambo moja nililoliona mimi mwenyewe. Niliwahi kujitolea majuma matatu katika uchimbaji mmoja wa pwani, ambao sina haja ya kuutaja. Asubuhi tulichimba, na alasiri tulikaa chini ya mwembe tukiosha vigae na kuvipanga. Vigae vya midomo ya vyungu na vile vyenye nakshi viliwekwa upande mmoja, vikachorwa na kupimwa. Vile vya matumbo ya vyungu, visivyo na nakshi, viliwekwa upande wa pili, vikahesabiwa, vikapimwa uzito, na kurudishwa ardhini wakati wa kufukia mashimo. Huo ndio utaratibu wa kawaida, na una sababu yake, kwa kuwa vigae vya aina hiyo ni vingi mno kuhifadhiwa vyote.

Bibi mmoja wa kijiji kile alikuwa akituletea maji kwa ujira wa kutwa. Siku moja alitua ndoo yake karibu na fungu la vigae vya kutupwa, akainama, akaokota kimoja. Kilikuwa kipana kama kiganja cha mtoto, na ukingo wake mmoja ulikuwa umelika ukawa laini.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "hiki nacho mnakitupa?"

Nikamjibu kwa adabu kwamba hakina nakshi, bibi, wala si cha mdomoni.

Akacheka. "Hiki hakikupika kitu. Hiki ni cha kusawazishia chungu kingali kibichi. Ninacho cha namna hii nyumbani, na marehemu mama alikuwa nacho. Tazama mkono ulivyokilia."

Akaonyesha jinsi kinavyoshikwa, na kidole gumba chake kikakaa sawasawa katika bonde lililolika. Tulilipekua fungu lile tukapata vingine vinne. Mkuu wa uchimbaji aliitwa, naye, kwa heshima yake, aliona mara moja maana ya jambo lile. Vigae vitano vile havikuwa mabaki ya mapishi. Vilikuwa zana za ufinyanzi. Mahali pale, ambapo daftari liliandika jiko, palikuwa pia na watu waliofinyanga vyungu. Lakini magunia ya misimu iliyopita yalikuwa yamekwisha kufukiwa, na hakuna awezaye kusema ni zana ngapi zimo humo, zimetengwa na matabaka yake milele.

Ripoti ilipotoka, maelezo juu ya zana zile yalikuwamo, tena yaliandikwa vizuri. Mimi nilitajwa kwa jina katika orodha ya waliojitolea, ingawa mchango wangu mkubwa ulikuwa kukiweka kigae kile katika fungu la kutupwa. Bibi hakutajwa. Sidhani kwamba aliachwa kwa ubaya. Aliachwa kwa kuwa daftari lilikuwa na safu ya wachimbaji, safu ya watu wa hiari na safu ya vibarua, na maarifa hayakutazamiwa kutoka katika safu ya tatu.

Nimelikumbuka jambo hili tena tangu mwaka 2023, ulipotolewa utafiti wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani na jirani zake. Utafiti huo ulionyesha kwamba kwa upande wa mama asili ya watu wale wa mijini ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa mno, na kwamba kwa upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi, iliyoanza kuchanganyika nao yapata mwaka 1000. Wako waliofurahi kwa nusu ya kwanza ya habari hii, na wako waliofurahi kwa nusu ya pili. Mhakiki hana ruhusa ya kuchagua nusu. Haitatufaa kitu kuuondoa upotofu wa Kirkman tukaweka mahali pake upotofu wa kwetu, unaomfuta kila mgeni aliyeoa, akazaa na kuzikwa hapa. Lakini jambo moja ni dhahiri. Katika pwani yetu ufinyanzi ni kazi ya wanawake tangu zamani. Kama mama wa miji ile walikuwa wa hapa, basi vyungu vile ni maandishi yao, na msomaji aliyekuwa karibu zaidi na maandishi hayo alikuwa amesimama pembeni mwa shimo na ndoo ya maji.

Pingamizi na mapendekezo

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba mwanakijiji hawezi kujitolea, kwa kuwa shamba lake na wavu wake vinamngoja. Hilo ni kweli kabisa, na ndiyo sababu nasema asiombwe kujitolea njaa. Kufanya kazi bila ujira ni neema ya mtu aliyekwisha kula. Mwenyeji alipwe, na afundishwe. Ujira si sababu ya kumnyima mwiko. La pili ni kwamba mikono isiyozoea huharibu matabaka. Hilo nalo ni kweli, lakini vijana wa hiari nao hufika wakiwa na mikono isiyozoea, na hufundishwa siku ya kwanza. La tatu ni kwamba mwenye fedha ndiye mwenye kauli. Hapa ndipo dola lilipo na wajibu wake. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, na hakuna anayeruhusiwa kuchimba bila kibali. Kibali kinaweza kuwa na masharti.

Sharti la kwanza liwe kwamba katika kila mraba unaochimbwa awepo angalau mwenyeji mmoja anayefundishwa kukwangua, kuchora na kuandika daftari, si kubeba udongo tu. Tangu mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia, na wanafunzi wake huenda kujifunza mashimoni. Wanafunzi hao wafanye kazi bega kwa bega na watu wa kijiji, wala wasijenge tabaka jipya la wageni wanaozungumza lugha yetu.

Sharti la pili liwe kwamba vitu vinavyotoka shimoni vioneshwe kwa watu wa mahali pale kabla ya kuamuliwa kipi kihifadhiwe na kipi kifukiwe. Mvuvi, mhunzi, mwashi wa matumbawe na mfinyanzi waitwe kama wanavyoitwa wataalamu, na watakalolisema liandikwe kwa jina la aliyelisema. Si kila watakalosema litakuwa sahihi, kwa maana desturi hubadilika katika miaka 1,000. Lakini la mtaalamu nalo si sahihi kila mara, na huandikwa.

Sharti la tatu liwe kwamba kabla shimo halijafukiwa, habari yake isomwe kijijini kwa Kiswahili. Vitabu vikubwa juu ya Kilwa na juu ya Shanga viliandikwa kwa Kiingereza, kwa watu wa vyuo. Mkazi wa Kilwa Kisiwani anayepita kila siku chini ya kuta za Msikiti Mkuu akienda baharini anastahili kujua kwa lugha yake nini kilikutwa chini ya miguu yake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kati ya mwaka 2004 na 2014 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Urithi unaojulikana duniani usipojulikana nyumbani, hakuna atakayeulinda siku ambayo wageni hawapo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akupishe. Na waje watu wa hiari kutoka kila pembe ya dunia, wapige magoti pamoja nasi. Muda wao na uvumilivu wao vimekwisha kutusaidia kuyaona madoa ya nguzo za Shanga. Lakini mwisho wa kila msimu tuwaulize, na tujiulize sisi wenyewe, lile swali ambalo neno kujitolea linalo ndani yake. Kazi hii ilifanywa kwa ajili ya nani? Iwapo shimo limefukiwa, mifuko imepakiwa garini, na katika kijiji hakuna hata mtu mmoja anayeweza kusimama juu ya udongo ule na kueleza kilichosomwa humo, basi watu walijitoa kweli, lakini hawajajitolea kwa ajili yetu.